Filamu za Zamani na Haki ya Walioigizwa: Ipi Inastahili Kutengenezwa Upya?



Ndugu msomaji, kuna mjadala ambao hauishi katika hosteli zetu, hasa wikendi mitihani ikiwa bado iko mbali. Mmoja atasema filamu fulani ya zamani ingetengenezwa upya kwa kompyuta za leo, dunia ingetikisika. Mwingine atajibu kwamba mambo mazuri huachwa yalivyo. Hapo sauti hupanda, kila mtu hutaja filamu yake, na mwishowe watu hulala bila kukubaliana.

Watu hulichukulia kama suala la kupenda tu, kama chai na kahawa. Mimi naona ni suala la haki. Filamu nyingi tunazozitaja zinahusu watu waliokuwako kweli: walipigana, waliswali, wakafa. Hawawezi kurudi kuonyesha palipokosewa. Basi tukiuliza ni filamu ipi inastahili kutengenezwa upya, tunauliza pia ni nani anadaiwa, na nani atamlipa.

Tuanze na sababu ambazo hazitoshi. Ya kwanza ni fedha. Kampuni za filamu hupenda jina ambalo watu wanalijua, kwa sababu limekwisha jitangaza lenyewe. Hilo si kosa, ila halitupi kipimo. Ben-Hur ya mwaka 1959, iliyopata tuzo 11 za Oscar, yenyewe ilikuwa marudio ya filamu ya mwaka 1925 isiyokuwa na sauti. Ikarudiwa tena mwaka 2016, na safari hiyo ikaanguka sokoni. Jina lilikuwa lilelile, na teknolojia ya mwaka 2016 ilikuwa bora kuliko zote. Kwa hiyo kurudia si kubaya kwa asili yake, wala si kuzuri kwa asili yake.

Sababu ya pili ni mazingira mapya. Mwaka 1953 Hollywood ilitoa Mogambo, ambayo ni marudio ya Red Dust ya mwaka 1932. Mwigizaji mkuu alikuwa mmoja, Clark Gable, mara zote mbili. Kilichobadilika ni mahali: hadithi iliyowekwa Indochina ikahamishiwa Afrika, na sehemu zake zikapigwa Kenya, Tanganyika na hapa Uganda. Wazungu wakaendelea na mapenzi yao, nasi tukawa pazia la nyuma. Ukiweza kuwaondoa wenyeji wa nchi moja na kuwaweka wa nchi nyingine bila hadithi kutikisika, ujue wenyeji hao hawakuwa na kazi yoyote ndani yake.

Sababu ya tatu ni umri. Wapo wanaosema filamu ya miaka hamsini imechakaa. Lakini filamu si simu. Hatusemi hotuba nzuri irudiwe na msemaji mwingine kwa kuwa kinasa sauti kilikuwa cha zamani. Ikiwa tatizo ni picha iliyofifia, husafishwa picha.

Kipimo ninachokipendekeza kinatoka mahakamani, na wanafunzi wa sheria wanisahihishe. Filamu inayosimulia watu wa kweli ni aina ya ushahidi. Shahidi akishamaliza, haitwi tena kwa sababu tu hakimu anapenda kumsikiliza. Huitwa kwa sababu maalumu: alisema yasiyo kweli, au aliacha jambo kubwa, au alisema kwa lugha ambayo walengwa hawakuielewa. Pasipo moja ya sababu hizo, ushahidi wake unasimama. Tujaribu kipimo hiki kwenye filamu chache zinazotugusa.

Ya kwanza ni Khartoum, ya mwaka 1966. Inahusu kuzingirwa kwa mji huo na majeshi ya Muhammad Ahmad, aliyejitangaza kuwa Mahdi mwaka 1881, na kifo cha Jenerali Gordon Januari 1885. Gordon aliigizwa na Charlton Heston. Mahdi, mtoto wa fundi wa mashua kutoka upande wa Dongola, aliigizwa na Laurence Olivier, Mwingereza aliyepakwa rangi nyeusi usoni. Katika filamu hiyo wawili hao wanakutana uso kwa uso na kuzungumza. Katika historia hawakukutana kamwe. Walipelekeana barua tu.

Wengine watasema kukutana kwao ni ufundi wa kuigiza, tusikaze sana. Sawa. Lakini angalia ufundi huo ulimtumikia nani. Gordon amepewa wasiwasi, dhamira, utani na upweke. Mahdi amepewa macho makali na unabii wa kutisha. Wengi wa Wasudani waliomfuata hawana majina wala sababu. Hakuna anayeeleza vya kutosha kodi za utawala wa Misri wala viboko vya watoza kodi. Shahidi huyu alisema yasiyo kweli na akaacha jambo kubwa. Kwa kipimo chetu, anastahili kuitwa tena.

Na kesi hii ni yetu pia. Vita vya Mahdi ndivyo vilivyokata njia kati ya Khartoum na jimbo la Ikweta lililokuwa chini ya Emin Pasha. Askari wake wakabaki huku kusini, hawana pa kurudi, na mwaka 1891 Lugard akawachukua na kuwaleta Uganda. Wajukuu zao ni Wanubi tunaoswali nao Bombo na kwingineko. Historia ya Uislamu katika nchi hii ina mlango mmoja uliofunguliwa na vita ile, na wengi wetu tumeijua kupitia sura ya Olivier iliyopakwa rangi.

Hapa sasa ndipo penye mtihani. Tukipewa fedha na kamera leo, tutaitengeneza vipi Khartoum mpya? Kishawishi kitakuwa kumgeuza Mahdi malaika na Gordon shetani, yaani kuuchukua uongo uleule na kuupindua. Lakini Suratun-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu na kutoa ushahidi hata kama unatuelemea sisi wenyewe, wazazi wetu au jamaa zetu. Ukweli ni kwamba Gordon alipokuwa gavana mkuu wa Sudan katika miaka ya 1870 alipambana na biashara ya watumwa, na baadhi ya waliomuunga mkono Mahdi walikuwa wafanyabiashara walioumizwa na hatua hiyo. Ukweli ni kwamba mji ulipoanguka waliuawa raia wengi, na Waislamu walikuwa miongoni mwao. Ukweli pia ni kwamba wapo maulamaa wa wakati ule waliolikataa dai lake la Umahdi.

Kama hatuko tayari kuyaweka hayo kwenye skrini, basi hatujastahili kuirudia filamu hiyo, hata kama yenyewe inastahili kurudiwa. Tutakuwa tumembadilisha shahidi mwongo kwa shahidi mwongo mwingine, tofauti ni kwamba huyu wa pili ni ndugu yetu.

Ya pili ndiyo inayotajwa zaidi miongoni mwetu: The Message, au Ar-Risala, ya mwaka 1976, iliyoongozwa na Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab, Syria. Wengi wanasema irudiwe: vita vya Badr kwa kompyuta za leo, Makka iliyojengwa upya nyumba kwa nyumba. Nawaheshimu wanaosema hivyo, lakini sikubaliani nao.

Akkad alikubali kizuizi ambacho mwongozaji mwingine angekiona ni kifungo. Mhusika mkuu wa hadithi yake, Mtume Muhammad (s.a.w.), haonekani wala sauti yake haisikiki. Waigizaji hutazama kamera na kuzungumza nayo, kisha husikiliza kimya kana kwamba wanajibiwa. Uwepo wa Ali (r.a.) huonyeshwa kwa upanga wake tu. Mtazamaji hujikuta amesimama mahali ambapo hakutegemea, akiangaliwa na watu wanaompenda mtu asiyeweza kuigizwa. Kizuizi ndicho kilichoizaa sura hiyo ya filamu. Mwenye kompyuta inayoweza kuonyesha kila kitu atashawishika kuonyesha kila kitu, na kitakachopotea ni adabu ile.

Kuhusu lugha, Akkad alikwisha fanya marudio yake siku zilezile za kupiga picha. Alitengeneza filamu mbili kwa pamoja, ya Kiingereza na ya Kiarabu, kila moja na waigizaji wake. Hamza (r.a.) aliigizwa na Anthony Quinn katika moja na Abdallah Gaith katika nyingine. Hakutaka Mwarabu asome maandishi chini ya midomo ya Mmarekani. Nasi tunaijua njia nyingine: katika vibanda vya video, VJ huketi na kipaza sauti chake akaisimulia filamu upya kwa lugha ya mtaa. Mama asiyejua Kiingereza wala Kiarabu hutoka ameelewa, na filamu yenyewe haijaguswa.

Iligharimu. Upigaji picha ulianza Morocco, ukasimamishwa, ukahamia Libya. Machi 1977 watu wenye silaha waliteka majengo matatu mjini Washington, na miongoni mwa madai yao ilikuwa filamu hiyo isionyeshwe. Mwandishi wa habari kijana aliuawa. Filamu waliyoipinga hawakuwa wameiona. Aya ya sita ya Suratul-Hujurat juu ya kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga ingetosha kuwazuia. Akkad mwenyewe alifariki Novemba 2005, pamoja na binti yake, kutokana na mashambulizi ya mabomu katika hoteli za Amman. Kwa hiyo aliyetumia miaka ya maisha yake kuieleza dini hii kwa upole aliuawa na waliodai kuitetea. Mwaka 2018, filamu yake ikiwa imesafishwa upya, ilionyeshwa katika kumbi za Saudi Arabia. Kilichohitajika kilikuwa kusafisha picha tu, na kimefanyika.

Kuna pingamizi moja lenye uzito. Baadhi yenu mtasema: filamu ile imeacha mambo. Bilal (r.a.) yupo, lakini baada ya adhana ya kwanza hadithi inaendelea kuwa ya wengine. Habasha imepewa sehemu fupi. Je, si hii ndiyo sababu ya pili ya kumwita shahidi tena?

Jibu langu ni kwamba aliyeacha jambo kwa sababu halikuwa kesi yake hajakosea. Akkad alisimulia Makka na Madina. Habasha ni kesi nyingine, na inasubiri shahidi wake. Hatuhitaji kuirudia Ar-Risala ili tumwone Najashi vizuri zaidi. Tunahitaji filamu ambayo haijawahi kutengenezwa, inayoanzia upande wa mwenyeji. Mfalme Mkristo wa Kiafrika anafikiwa na wakimbizi. Nyuma yao unakuja ujumbe wa Maquraysh na zawadi, ukitaka warudishwe. Washauri wake wanataka awatoe. Yeye anaomba kwanza kuwasikiliza, na Ja'far bin Abi Talib (r.a.) anamsomea sehemu ya Surat Maryam. Swali la filamu hiyo lingekuwa: mtawala anadaiwa nini na mgeni asiye na kitu, wakati anayemtaka mgeni huyo ana zawadi mkononi? Katika nchi inayohifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja, ambamo tunakaa darasa moja na vijana kutoka Kongo na Sudan Kusini, swali hilo si la karne ya saba peke yake. Maulamaa wanatofautiana juu ya kuwaigiza Maswahaba, na mwenye kuifanya kazi hiyo lazima awaulize kwanza. Lakini mfano wa Akkad umeonyesha kwamba mipaka haiui filamu.

Ya tatu niitaje kwa ufupi. Lion of the Desert ya mwaka 1981, kazi nyingine ya Akkad, inamhusu Omar Mukhtar, mwalimu wa Qur'an aliyepigana na Waitalia Libya hadi akanyongwa tarehe 16 Septemba 1931, akiwa na zaidi ya miaka sabini. Italia iliizuia filamu hiyo kwa miaka mingi. Haikuonyeshwa kwenye televisheni huko hadi 2009. Hapa shahidi hakukosea. Mahakama ndiyo iliyoziba masikio. Dawa ya hilo si filamu mpya. Ni kuionyesha ileile, na chama chetu kinaweza kuanza katika ukumbi wowote wenye projekta.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mjadala wa hosteli ukianza tena, kabla ya kutaja filamu yako jiulize maswali mawili. Nani ndani yake alisemewa uongo au alinyimwa jina? Na je, wewe unayetaka irudiwe uko tayari kusema ukweli hata pale utakapowaelemea watu wako? Ukiwa na majibu ya yote mawili, acha kubishana, anza kuandika. Wanafunzi wa historia wanazo nyaraka, wa lugha wanao uwezo wa maneno, na wazee wa Kinubi wapo ambao bado wanakumbuka waliyosimuliwa na babu zao. Wakiondoka, hakuna kompyuta itakayowaigiza.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.