Deni Linalompigia Simu Shangazi

Wazazi wa Moshi tukikutana, lawama zote za simu tunaitupia TikTok: watoto wanakesha, hawasomi. Sibishi. Lakini ndani ya simu hiyohiyo kuna kinachomnyima mwanafunzi usingizi zaidi: mkopo wa mtandaoni.

Nilikuwa Kibosho kwa dada yangu, anamenya ndizi za mtori. Ujumbe ukaingia, akaniomba nimsomee maana mikono ilijaa utomvu. Namba ngeni: mwambie fulani alipe leo, la sivyo picha yake itasambazwa. Fulani ni mpwa wa mumewe, yuko chuo hapo mjini. Hatujakaa sawa, baba yake mdogo akapiga kutoka Rombo, naye kaupata. Hata kiongozi wa kwaya kaupata. Deni lenyewe shilingi elfu arobaini, alizokopa akisubiri boom, yaani posho ya Bodi ya Mikopo.

Unapakua programu, inakuomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simuni, pesa inaingia ikiwa imeshakatwa ada, na baada ya siku chache unadaiwa yote pamoja na riba. Ukichelewa, majina yale ndiyo dhamana. Unakopa ya pili ulipe ya kwanza. Ndiyo maana mtaani wanaiita kausha damu. Kijana wetu alifika mahali hapokei simu ya mtu yeyote, hata ya mama yake, na darasani haonekani.

Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo ipo tangu 2022. Vema, ila aliyeaibishwa mbele ya ukoo mzima sheria haimrudishii uso.

Kinachoniuma ni kwamba haya yanatokea Moshi, mji wa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa 1933, mji wenye chuo cha ushirika tangu 1963, ambacho leo ni chuo kikuu. Wazee wetu walikopeshana wakijuana mashamba. Aliyechelewa aliitwa kikaoni, na kikao kilikuwa na aibu yake, sikipambi. Lakini kilikuwa na mwenyekiti wa kumwomba radhi, na jioni kilifungwa. Programu haifungi.

Wanafunzi nao si malaika. Nyingine ya hizo hela inaishia kwenye mkeka wa kubeti. Ila posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo, iliyopandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, ikichelewa, tumbo halisubiri.

Basi mzazi, ujumbe wa namna hiyo ukikufikia, usiupeleke kwenye grupu la ukoo. Vitisho vipeleke polisi. Mtoto mpigie wewe mwenyewe, asipopokea mfuate chuoni, na mwambie Desemba aje nyumbani kuhesabiwa na ukoo kama wenzake, deni liwe limeisha au halijaisha.