Zebaki Haishiki Jiwe

Dondosha tone la zebaki juu ya jiwe. Halitapakaa. Litajikunja kama gololi ndogo, na ukiliinamisha jiwe litakimbia. Likikutana na chembe safi ya dhahabu, tabia inabadilika: linaikumbatia, linatandaa juu yake, linapenya ndani. Kwenye mialo ya Rwamagasa na Nyarugusu mkoani Geita, na Mwakitolyo mkoani Shinyanga, watu wengi ambao hawajasoma fizikia wanaijua tofauti hii kwa vidole. Mchanga uliosagwa kwenye karasha unaoshwa, kinachobaki kinatiwa kwenye beseni pamoja na zebaki, nayo inayaacha mawe na kukamata dhahabu.

Mwaka 1805 Mwingereza Thomas Young alieleza kwamba umbo la tone juu ya kitu kigumu huamuliwa na pande tatu zinazovutana: kimiminika, kitu chenyewe na hewa. Ukiuliza kwa nini tone limekaa lilivyokaa, huwezi kulichunguza tone peke yake.

Maelezo hayo yalihusu uso laini. Nyuso tulizonazo zina mikwaruzo, vumbi na mabaka. Weka tone la maji kwenye bati kuukuu, kisha liinamishe. Upande wa chini utavimba, wa juu utanywea, lakini kingo zitabaki pale pale, zimeng'ang'ania mikwaruzo. Zidisha mwinamo, na ghafla litaachia. Hata hivyo halipotei. Linateremka hadi kwenye mkwaruzo mwingine.

Nalifikiria tone hilo kila ninaposikia swali hili: mchimbaji anayechoma zebaki akijua madhara yake, je, ana hatia?

Madhara hayana ubishi. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, wakati dhahabu huyeyuka kwenye 1,064, hivyo moto mdogo tu huondoa moja na kubakiza nyingine. Mvuke huingia kwenye mapafu na kuharibu mishipa ya fahamu. Unaoanguka majini hugeuzwa na bakteria kuwa sumu inayojilimbikiza katika samaki. Minamata, mji wa Japani ambako ugonjwa wa sumu hiyo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, umeupa jina mkataba wa kimataifa ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Kwa hiyo tunainamisha bati: semina, mabango, katazo, msako. Anayechoma amekwama kwenye mikwaruzo ambayo semina haiigusi. Kuna ada ya shule ya wiki ijayo. Kuna mnunuzi aliyemkopesha fedha, na wakati mwingine zebaki yenyewe. Msako ukiongezeka, anaachia uwanja wa wazi na kukwama kwingine: ndani, kwenye jiko, mlango umefungwa, watoto wamelala chumba cha pili. Takwimu za uwanjani zitapendeza. Mapafu ya watoto hayatapata nafuu.

Je, hiyo inamwondolea lawama? Hapa mfano wa tone unafika mwisho. Tone halichagui, wala halina mtoto. Mtu anayejua kwamba mvuke unapita chini ya mlango ana deni kwa aliyelala upande wa pili, hata kama njia zake ni chache. Kumwambia kwamba hakuwa na jinsi ni kumdharau kwa sauti ya huruma.

Lakini deni lake halifuti letu. Chombo kilichofungwa, kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, kinajulikana siku nyingi. Mkopo usiomfunga mtu kwa mnunuzi mmoja si ndoto. Mambo hayo yanabadilisha uso, na uso haubadilishwi na tone. Hubadilishwa na sisi tulioshika bati: tunaotunga sheria, tunaokopesha, tunaovaa pete. Tukiendelea kuinamisha tu, tutakuwa tumechagua chumba ambacho sumu itahamia.