Kujieleza si kujisifu

Ukipita Segera, wilayani Handeni, au stendi ya Korogwe, utawaona wauza machungwa wakikimbilia mabasi huku wakiyasifu: matamu, ya leo leo! Hakuna anayewaita wenye majivuno. Abiria hulishika chungwa, hulibonyeza, kisha hununua au huliacha.

Sasa tazama LinkedIn, mtandao wa wasaka kazi uliofunguliwa mwaka 2003. Mtu kahudhuria semina ya siku moja, basi keshakuwa “mtaalamu” na “kiongozi mwenye maono”, tena eti anatangaza “kwa unyenyekevu mkubwa”. Unyenyekevu gani huo unaopigiwa baragumu?

Watasema, mbona Nabii Yusuf (a.s.) alijieleza kwa mfalme wa Misri kuwa ni mlinzi na mjuzi? Ni kweli, imo katika Sura ya 12. Lakini alikuwa amekwisha kuifasiri ndoto, na mbele yake ilikuwapo miaka saba ya njaa. Alitaja uwezo ambao watu wangeupima kwa chakula.

Kijana wa Korogwe asiye na mjomba ofisini hana budi kujieleza. Aandike alichofanya, wapi, na nani aulizwe. Akinyamaza kwa kuogopa kuitwa mwenye majivuno, nafasi ataichukua yule wa semina ya siku moja.