Mwanangu, Isikilize Kwanza Hiyo Namba

Mwanangu, acha kubofya kidogo. Koili yako ya waya, ya kisoma kadi cha megahezi 13.56, uliitarajia iwe na riaktansi ya ohm 85. Programu yako ya uigaji imekupa 114. Umekesha ukibadilisha mipangilio, na haraka yako naielewa. Lakini huenda hiyo 114 ni ya kweli.

Ile 85 uliipataje? Ulichukua indaktansi ya maikrohenri 1, ukapiga hesabu kwa masafa hayo. Sawa. Ila mizunguko ya waya iliyolala bega kwa bega ni kapasita ndogo, hata kama hukuichora. Ikiwa koili inapata mwangwi wake yenyewe kwenye megahezi 27 hivi, basi kwa 13.56 namba yako hupanda kwa theluthi. Ndiyo hiyo 114. Usipime masafa mamoja tu. Anzia megahezi 1 hadi 40, utazame mstari unavyopanda polepole, unavyoruka, kisha unavyozama upande wa hasi. Hapo koili imeshageuka kapasita.

Nilipokuwa na umri wako, namba kama hiyo niliilazimisha mpaka ikakubaliana na karatasi yangu. Koili ilipoletwa mezani, kipimo kikasema kile kile nilichokuwa nimekifuta. Iliniuma, mwanangu.

Lakini huo ukinzani wa hasi ulionionyesha, usiukubali hata kidogo. Waya wa shaba hauzalishi umeme. Ukinzani wake halisi haufiki hata ohm 1, umefunikwa na zile 114. Programu inautafuta kwenye wimbi linalorudi, na hapa zaidi ya asilimia 99 ya kimo cha wimbi lililotumwa inarudi. Kosa la asilimia 1 tu linatosha kukushusha chini ya sifuri.

Angalia wavu wako wa hesabu. Kwa masafa haya mkondo hukimbilia ngozi ya shaba, kina cha maikromita 18 tu, na wavu wa matundu makubwa haunasi dagaa. Usiukaze mpaka kompyuta ikwame. Iambie programu ihesabu impedansi ya uso wa waya, isiingie ndani. Kisha punguza kiwango cha kosa unachoiruhusu.

Na hilo sanduku la hewa uliloizungushia koili umelibana mno. Kuta zake zikiwa za chuma na zikiikaribia koili, indaktansi itashuka. Lipanue. Badilisha hilo tu kwanza, endesha, andika daftarini ulichopata, ndipo uguse kingine. Mimi nipo hapa, nakusubiri.