Upendo wa Jirani Ulivyoanzia Walawi

Kuanzia Ipyana hadi Matema, ni Mkristo gani asiyeijua amri ya kumpenda jirani? Wamoraviani na Walutheri wa misheni ya Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na leo mtoto wa shule ya Jumapili anaitaja bila kujikwaa. Muulize imetoka wapi, atasema kwa Yesu. Si uongo, ila Yesu mwenyewe aliitoa Walawi 19, na katika Marko 12 mwandishi wa sheria aliyemuuliza anaafikiana naye papo hapo, maana wote wawili walilelewa na Maandiko yaleyale ya Kiebrania. Wapole kuirithi nchi kumo katika Zaburi ya 37. Kumlisha adui mwenye njaa, anakokuhimiza Paulo katika Warumi 12, ni Mithali 25. Hata agano jipya liliahidiwa na Yeremia.

Mtu atauliza: kama Yesu ameshatuchagulia yaliyo bora, Walawi turudi kutafuta nini? Swali hilo ni la zamani. Marcion alitaka Agano la Kale litupwe kabisa, na kanisa la Roma likamtenga karne ya pili. Mimi najibu kwa kuisoma sura nzima. Kabla ya amri ya upendo, mwenye shamba anakatazwa kuvuna mpaka pembeni, ili maskini na mgeni wapate cha kuokota, na ujira wa kibarua usilale kwa tajiri hadi asubuhi. Baada yake, mgeni apendwe kama mzawa, na mizani na vipimo viwe vya haki. Upendo wa namna hiyo unaeleweka vizuri sana Kyela, penye mpunga wa gunia la lumbesa, kakao inayonunuliwa mbichi kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenye nayo anauguza, na kibarua wa kupalilia anayeambiwa njoo kesho, njoo kesho kutwa. Ukiing'oa amri katika sura hiyo, anayeibia wenzake kwenye mzani anaweza kuiimba Jumapili bila kushtuka.

Wapo watakaotaja jicho kwa jicho. Magumu yapo, siyafichi. Lakini sheria ile ilikiwekea kisasi mpaka, na Kutoka 23 inaagiza ng'ombe wa adui aliyepotea arudishwe kwa mwenyewe. Kwa hiyo, wachungaji wetu, sikukuu ya mavuno ikifika na magunia yakiletwa madhabahuni, tusomeeni Walawi 19 yote, msiruke mistari ya mizani.