Ni Nani Amdaiye Mkimbiaji?

Mwezi wa Februari mwaka 1982, katika mji wa Kailua-Kona kwenye visiwa vya Hawaii, mwanafunzi wa chuo aitwaye Julie Moss, aliyeingia katika mashindano ya michezo mitatu ili apate maarifa ya kuandikia tasnifu yake, aliogelea baharini kilomita 3.8, akaendesha baiskeli kilomita 180, kisha katika mbio za kilomita 42 akawatangulia wanawake wenziwe, na alipobakiza masafa mafupi tu miguu yake ikakataa amri. Alianguka, akainuka, akaanguka tena; Kathleen McCartney akampita na kuutwaa ushindi; naye Moss, ambaye sasa hakuwa na taji la kugombea, akatambaa kwa mikono na magoti mpaka akaufikia mstari wa mwisho, sekunde 29 baada ya mshindi.

Hapakuwa na fedha ya kumngoja pale, wala sheria ya kumlazimisha. Basi mtu yule aliyekuwa akitambaa kana kwamba anadaiwa, deni lile alikuwa akimlipa nani?

Nalileta swali hili katika kaunti za Homa Bay na Migori kwa sababu huku kazi zile tatu, ya maji, ya baiskeli na ya miguu, zajulikana sana, ila hazijulikani kuwa michezo. Mvuvi wa omena hutoka jioni na taa zake kuliingia ziwa ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, akakesha juu ya maji yenye viboko na dhoruba za ghafula; mwenye bodaboda ya baiskeli hupanda vilima na abiria au gunia nyuma yake; mama mchuuzi wa samaki hutoka ufukoni alfajiri na beseni kichwani, akitembea mpaka soko limpokee. Wote hawa mdai wao ana uso na jina: ni mtoto atakiwaye karo, ni chungu kinachosubiri, ni mwenye mtumbwi angojaye fungu lake. Wakiambiwa kwamba yuko mtu mwenye mshahara na chakula cha kutosha, ambaye miezi mizima huamka kabla ya jua ili ajichoshe kwa ridhaa yake mwenyewe, wana haki ya kustaajabu, na pengine kuudhika, maana taabu ambayo wao wangeiepuka lau wangeweza, yeye huitafuta. Mwandishi yeyote asifuye michezo pasipo kuwatazama watu hawa machoni, nasaha yake haina insafu.

Wako wasemao kwamba mwanamichezo hujidai mwenyewe. Jibu hili silikubali. Mtu aliyejikopesha ndiye mdai na ndiye mdaiwa, na mdai ana uwezo wa kusamehe saa yoyote apendayo. Nadhiri iliyowekwa kwa nafsi peke yake hufunguliwa na nafsi hiyo hiyo pindi maumivu yakizidi, na aliye hakimu wa nafsi yake hatakosa udhuru wa kujipa. Wengine husema ni riya, kwamba mtu hutaka kutazamwa. Kona palikuwa na kamera, ni kweli. Walakini miaka minne kabla yake, mwaka 1978, mashindano hayo yalipofanywa mara ya kwanza katika kisiwa cha Oahu kwa shauri la afisa wa jeshi la majini John Collins, waliojitosa majini walikuwa 15 tu, kila mmoja na rafiki zake wa kumbebea maji, na 12 kati yao walimaliza bila umati wa kuwashangilia. Riya haiwezi kuishi muda mrefu hivyo mahali pasipo macho.

Jibu langu mimi laanzia hapa: katika kaunti ya Migori uko mlima uitwao Got Kwer, mahali patakatifu pa waumini wa kanisa la Legio Maria, ambako amezikwa mwanzilishi wao Simeo Ondeto, aliyefariki mwaka 1991. Mimi si wa kanisa hilo, lakini nawaheshimu mahujaji wake, kwa kuwa kila atokaye kwake kwenda huko ajua anamwendea nani, na uchovu wa njia kwake si bei ya kitu bali ni ushahidi wa ahadi. Mkimbiaji wa ridhaa, kwa itikadi yangu, ni hujaji aliyeanza safari kabla ya kulijua jina la aliyemwita. Nguvu aliyo nayo hakujiumbia. Aliikuta ndani yake kama amana, na mwenye amana ndiye amdaiye. Sauti ile isemayo “maliza” wakati faida zote zimekwisha ni dhamiri ikimtambua Mwenye amana, hata kama kinywa hakijamtaja.

Hapa yapasa tuwe na hadhari, kwani mwili nao ni mdai. Waislamu wa Kendu Bay wamefunzwa kwamba mwili una haki juu ya mtu. Waadventista, walioanza utume wao hapo jirani kilimani Gendia mwaka 1906, huhesabu afya kuwa sehemu ya ibada. Na Paulo, aliyewaandikia Wakorintho habari za wakimbiaji kwa kuwa michezo ya Isthmia ilichezwa karibu na mji wao, hakuwaambia wajiue. Wale watatu wa Oahu ambao hawakufika, siwaiti wavunja nadhiri. Yamkini mmoja wao aliusikia mwili ukidai haki yake, akatii, na utii huo ukawa mzito kuliko kilomita zilizosalia.

Tena tuwaze kwamba siku moja mashindano haya yafanywe huku kwetu: kuogelea Homa Bay, baiskeli kupitia Rongo na mashamba ya miwa ya Awendo, na mbio za miguu kuingia mjini Migori. Mara nyingine michezo hupangwa Jumamosi, na Jumamosi ni Sabato ya maelfu ya watu wa kaunti hizi mbili. Kijana Mwadventista aliyejizoeza mwaka mzima, akaisoma tarehe, kisha akavaa nguo za kanisani wakati wenzake wanaingia majini, jina lake halitaandikwa katika orodha ya waliomaliza wala ya walioshindwa. Waandalizi wasimwite mwoga, na kama wana uwezo wa kuisogeza siku, waisogeze.