Ridhaa ya Mzazi na Hiari ya Mtoto
Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na ingawa Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kwamba ruhusa hiyo inakiuka Katiba, swali la kifalsafa limebaki: je, ridhaa, yaani kukubali kwa hiari na kwa kuelewa, inaweza kutolewa kwa niaba ya mwingine? Kwa mtoto mchanga anayechanjwa inaweza, kwa kuwa chanjo humlinda na kumwachia maamuzi yake ya baadaye. Ndoa huyapora, tena mapema mno, kwani uwezo wa kupima matokeo huendelea kukomaa hata baada ya balehe. Hapo mzazi, ambaye mamlaka yake ni ya ulezi wala si ya umiliki, hana ridhaa ya kutoa.